Tetemeko la ardhi: Je, mwenye nyumba wa Nduguti anahitaji bima?

Na Mwandishi Wetu, Nduguti

SAA 9:27 alasiri ya Jumamosi, Septemba 10, 2016, ardhi ya Mkoa wa Kagera ilitikisika kwa muda mfupi tu, lakini muda huo ulitosha kuua watu 17, kujeruhi mamia na kuangusha nyumba za makazi zaidi ya 2,000. Nyumba nyingine zaidi ya 14,000, kwa mujibu wa takwimu za Serikali zilizotolewa baadaye, zilipata uharibifu mkubwa. Shule kongwe za sekondari za Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa sababu majengo yake hayakufaa tena kukaliwa na wanafunzi.

Miezi minne baadaye, Januari 2017, Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alifika Bukoba na kuwaeleza wananchi bila kuzunguka kwamba Serikali isingewajengea nyumba. Fedha zilizokuwapo zingeelekezwa kwenye miundombinu ya umma, yaani shule, vituo vya afya na barabara, na kila mwenye nyumba angejenga ya kwake. Ihungo ilijengwa upya, kwa msaada wa Serikali ya Uingereza. Mwenye nyumba aliyepoteza kuta zake alirudi kwenye matofali yake.

Kauli ile iliwaudhi wengi, na si vigumu kuelewa sababu, kwani michango ilikuwa imekusanywa nchi nzima kwa jina la waathirika. Hata hivyo ilikuwa kauli ya wazi kuliko nyingi ambazo wananchi wamewahi kupewa kuhusu nyumba zao, na haikuwahusu watu wa Bukoba peke yao. Mtu mmoja ambaye anapaswa kuitafakari ni mkazi wa Nduguti.

Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, ni mji mdogo katika nchi kavu. Mvua ni za msimu mmoja na si za kutegemewa, na maisha yanakwenda kwa alizeti, vitunguu, mtama na mifugo. Kabla ya mwaka 2012, eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Iramba, na mambo makubwa yakifuatwa Kiomboi. Kuzaliwa kwa wilaya mpya kulileta ofisi, watumishi, wafanyabiashara na, kwa sababu hiyo, ujenzi. Walimu, wauguzi na maofisa waliohamia wamenunua viwanja na kuanza kujenga. Kwa wengi wao nyumba hiyo ni akiba ya maisha yote, kwa sababu hawana hisa, hawana dhamana za Serikali na pensheni bado iko mbali.

Ukimuuliza mmoja wao anachohofia kuhusu nyumba yake, atakutajia mchwa, upepo unaoezua mabati, pengine moto. Tetemeko halimo katika orodha. Kwa nini liwemo?

Jibu liko chini ya miguu yake. Bonde la Ufa la Mashariki, likishuka kutoka Kenya na kuingia Tanzania, halibaki kuwa mfereji mmoja. Linapanuka na kugawanyika katika matawi. Tawi moja linapita Natron na Manyara kuelekea Balangida, na jingine linafuata Ziwa Eyasi na mbuga za Wembere. Wilaya ya Mkalama imekaa kando ya tawi hili la pili. Mto Sibiti, ambao unavukwa kwa daraja kubwa na wasafiri wa kwenda Meatu, unayatoa maji ya Ziwa Kitangiri na kuyapeleka Ziwa Eyasi, ukiteremka katika ardhi iliyotengenezwa na mipasuko ileile. Wenyeji huona mto na ng'ombe wanaokunywa pembeni yake, lakini mwanajiolojia huona eneo ambalo bado linavutwa, polepole sana, na mara mojamoja hukatika.

Historia ya karibu inathibitisha hilo. Mei 1964, eneo la Mbulu, takribani kilomita 100 tu kutoka Nduguti kwa kukadiria kwenye ramani, lilipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa 6.4. Lile la Kagera, kwa vipimo vilivyotangazwa, lilikuwa 5.9. Tofauti ya nusu inaonekana ndogo, lakini kipimo hiki hakihesabiwi kama kilo za sukari. Kila namba moja nzima inapoongezeka, nishati inayotolewa huongezeka takribani mara 32. Kwa hesabu hiyo, tetemeko la Mbulu lilitoa nishati zaidi ya mara tano ya ile iliyoangusha Bukoba. Nchi wakati huo ilikuwa na watu wachache na nyumba za matofali zikihesabika, ndiyo maana wengi leo hawalijui.

Upande wa kusini nako si shwari. Novemba 2002, Dodoma ilitikiswa na tetemeko la takribani 5.5, na Julai 2016, miezi miwili kabla ya Kagera, likaja jingine la takribani 5.1 kaskazini mwa mji huo. Watafiti waliochunguza mipasuko ya kati ya Manyara na Dodoma wameonyesha kuwa baadhi yake bado iko hai, ukiwamo wa Saranda, ambao jina lake wasafiri wa treni wanalijua kutoka wilayani Manyoni, ndani ya mkoa huuhuu wa Singida. Rekodi kubwa kuliko zote za ukanda huu ni ya Desemba 1910, eneo la Rukwa, ambako ukubwa unakadiriwa kufikia 7.4.

Hakuna anayeweza kusema tetemeko litakuja lini, na anayedai kujua tarehe anapaswa kuogopwa kuliko tetemeko lenyewe. Kinachoweza kusemwa ni kwamba hatari ya Nduguti ni ya wastani, si ya kila mwaka, lakini katika maisha ya nyumba ya miaka 50 au 60 si jambo la kupuuzwa.

Hapa ndipo mazungumzo ya bima huanza, na mara nyingi huanza vibaya, kwa kuwa watu hufikiri swali ni moja tu: kulipa au kutolipa. Kuna swali linalotangulia, nalo ni nyumba yenyewe imejengwaje.

Msomaji azingatie mfano wa Agadir, mji wa pwani nchini Morocco. Usiku wa Februari 29, 1960 ulipigwa na tetemeko ambalo ukubwa wake haukutofautiana sana na lile la Kagera. Watu zaidi ya 12,000 walikufa. Yapo mambo yanayoeleza tofauti ya kutisha kati ya 12,000 na 17. La Agadir lilikuwa karibu mno na uso wa ardhi na chini ya mji wenyewe, wakati la Kagera, kwa makadirio ya wataalamu wa Marekani, lilianzia kina cha takribani kilomita 40. La Agadir lilikuja watu wakiwa ndani usiku, la Kagera likaja alasiri ya mwisho wa wiki. Lakini jambo ambalo binadamu angeweza kulibadili lilikuwa kuta, kwani sehemu kubwa ya Agadir ilikuwa ya mawe na udongo usiofungwa na chochote.

Nduguti ina aina mbili za kuta. Ya kwanza ni tembe, nyumba ya asili ya Wanyiramba, Wanisanzu na majirani zao, yenye kuta za miti na udongo na paa bapa la udongo juu ya boriti. Tembe ina akili yake: ni baridi mchana, ina joto usiku, na nguzo zake za miti hupinda kidogo kabla ya kuvunjika. Udhaifu wake ni uzito wa paa. Nguzo zikiwa nzima, ukuta unaweza kumomonyoka na paa likabaki juu. Zikiwa zimeliwa na mchwa, tani kadhaa za udongo hukaa juu ya vichwa vya waliolala.

Ya pili ni nyumba ya matofali ya kuchoma na bati, ambayo mjini huhesabiwa kuwa ya kisasa na salama. Sifa hiyo haistahili kila mara. Matofali yakiunganishwa kwa tope badala ya saruji, au kwa saruji iliyopunjwa, ukuta huwa rundo la vipande vilivyopangwa vizuri. Hubeba mzigo wa kushuka bila shida, lakini ukisukumwa kutoka pembeni, na tetemeko husukuma kutoka pembeni, kona hufunguka na ukuta hulala.

Kinachozuia hilo mafundi wote wanakijua: lenta inayozunguka nyumba nzima, kuta za ndani zikiwamo, bila kukatika. Tatizo ni kwamba lenta ndicho kitu cha kwanza kupunguzwa fedha zinapopungua. Wengine huweka juu ya milango na madirisha tu, wengine huweka nondo mbili badala ya nne, na wengine huacha kona bila kupinda nondo ili zishikane. Tuchukue nyumba ya mita 10 kwa 8, yenye kuta za ndani zenye urefu wa mita 24. Jumla ya kuta ni mita 60. Nondo nne kwa urefu wote ni mita 240, yaani nondo 20 za mita 12, ukiongeza chache kwa ajili ya maungio. Huo ni mzigo mzito kwa mshahara wa mwalimu, lakini hulipwa mara moja na hauna tarehe ya kwisha muda.

Sasa tuje kwenye bima yenyewe. Bima ya nyumba inayofahamika zaidi nchini ni bima ya moto. Mkataba wake wa msingi hulinda dhidi ya moto, radi na aina fulani za milipuko. Tetemeko la ardhi kwa kawaida halimo katika msingi huo. Huingizwa kama nyongeza, pamoja na mafuriko na dhoruba, na nyongeza hiyo lazima iandikwe katika hati. Zipo pia bima za nyumba za makazi zinazokusanya hatari nyingi pamoja, na baadhi huwa na tetemeko ndani yake tangu mwanzo. Mwenye gari anaielewa hali hii kwa urahisi, kwa kuwa anajua tofauti ya bima ndogo na bima kubwa. Mwenye nyumba mara nyingi hajawahi kuambiwa kuwa na yeye ana tofauti ya namna hiyo, naye hushika karatasi yenye neno "bima" na kulala usingizi.

Kuna karatasi nyingine inayopoteza zaidi. Watumishi wengi hujenga kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara, na kwenye makato ya mkopo huo kuna fedha ya bima. Wengi huamini kuwa nyumba imekatiwa bima. Sivyo. Bima hiyo kwa kawaida hulinda deni: mkopaji akifariki dunia au akipata ulemavu wa kudumu, mkopeshaji hulipwa. Nyumba ikianguka na mkopaji akabaki hai, deni hubaki hai pamoja naye, na makato huendelea mwezi hadi mwezi kwa nyumba ambayo haipo. Katika mkopo wa rehani, ambapo nyumba ndiyo dhamana, benki kwa kawaida hudai bima ya jengo, lakini mikopo ya rehani si ndiyo inayojenga miji kama Nduguti.

Sheria nayo haimlazimishi. Mabadiliko yaliyoletwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 yaliongeza aina za bima za lazima, yakagusa masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoingizwa nchini na vyombo vya majini. Nyumba ya kuishi haikutajwa. Haya yalikuja baada ya Soko la Kariakoo kuungua Julai 2021, na inaeleweka kwa nini fikra zilielekea kwenye masoko. Kwa ujumla ada za bima nchini ni takribani asilimia 2 tu ya pato la taifa, na sehemu kubwa ni magari na afya. Nyumba ya mtu binafsi mkoani Singida yenye bima ya tetemeko ni nadra.

Gharama yake je? Viwango hutofautiana, lakini tufanye mfano wa hesabu tu. Nyumba ya Sh40 milioni ikitozwa asilimia 0.2 kwa mwaka, ada ni Sh80,000, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 huifikisha Sh94,400. Si fedha ya kutupa, wala si mlima. Mtego uko kwenye thamani inayoandikwa. Mwenye nyumba akitaka kupunguza ada na kuandika Sh20 milioni kwa nyumba ya Sh40 milioni, kampuni itamhesabu kuwa amejibebea nusu ya hatari mwenyewe. Hasara ikiwa Sh10 milioni, atalipwa Sh5 milioni, na kutoka humo kitakatwa kiasi cha awali ambacho mteja hubeba katika kila hasara. Wengi hukutana na kanuni hii siku ya kudai, wakati wa kuijua ulikuwa siku ya kujaza fomu.

Mtego mwingine ni wa nchi kavu. Mabonde ya huku yana udongo mweusi wa mbuga, unaovimba mvua zikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba zilizojengwa juu yake hupata nyufa bila tetemeko lolote, na nyufa za kujongea kwa udongo taratibu kwa kawaida hazilipwi. Siku ardhi ikitikisika, mkaguzi atauliza ni ufa upi wa jana na upi wa mwaka juzi. Mwenye nyumba aliyepiga picha kuta zake kwa simu siku ya kukata bima, na kila mwaka wa kuihuisha, atakuwa na la kujibu.

Wapo wanaosema yote haya ni bure, kwa kuwa Serikali ya sasa si ile ya 2017. Wanatoa mfano wa Hanang, katika mkoa jirani wa Manyara, ambako Desemba 3, 2023 maporomoko ya tope kutoka mlimani yaliuingia mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Huko Serikali na wadau wake, kikiwamo Chama cha Msalaba Mwekundu, walijenga nyumba zaidi ya 100 kwa ajili ya waliopoteza makazi. Ni kweli, na lilikuwa jambo jema. Lakini nyumba 100 zinaweza kujengwa. Kagera ziliharibika vibaya zaidi ya 14,000, mbali na zilizoanguka kabisa. Tope la Hanang lilifuata njia yake, wakati tetemeko huchukua wilaya nzima kwa mpigo, na hazina inayoweza kubeba la kwanza haiwezi kubeba la pili hata ikiwa na nia njema. Mwenye nyumba hawezi kupanga maisha yake kwa kutegemea kuwa janga lake litakuwa dogo kiasi cha kumudiwa.

Nchi zenye matetemeko mengi kuliko sisi nazo hazijalimaliza suala hili. Jimboni California, kampuni inayouza bima ya nyumba lazima impe mteja nafasi ya kununua bima ya tetemeko, lakini walio wengi hukataa, na wanaoikata ni takribani mmoja kati ya kumi. Uturuki iliifanya kuwa lazima kwa nyumba za mijini kuanzia mwaka 2000, baada ya maafa ya 1999. Hata hivyo Februari 2023 zaidi ya watu 50,000 walikufa nchini humo, wengi chini ya maghorofa yaliyojengwa kinyume cha kanuni zilizokuwapo. Fidia ilipatikana kwa waliokuwa na hati, nayo haikumnyanyua mtu yeyote kutoka kwenye kifusi.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, mkazi wa Nduguti ambaye bado anajenga, na ana laki moja ya ziada, aipeleke kwenye nondo kabla ya kuipeleka kwa wakala wa bima. Mwenye nyumba iliyokwisha kujengwa vizuri, ya kuishi au ya kupangisha, ambayo ndiyo mali yake pekee kubwa na pengine bado inalipiwa mkopo, anaihitaji bima, na anaihitaji yenye neno tetemeko ndani yake. Huyu ndiye mwenye cha kupoteza ambacho hawezi kukirudisha kwa mshahara wake. Mwenye nyumba ya matofali ya tope atakuta wakala mwenyewe anasita, na kusita huko kumweleze jambo kuhusu kuta zake.

Inabaki njia ya pamoja. New Zealand imekuwa na mfuko wa umma wa matetemeko tangu miaka ya 1940, unaochangiwa na kila anayekata bima ya moto. Nchini kwetu mfuko wa namna hiyo hauna pa kushikizwa, kwa kuwa wenye bima ya moto ni wachache. Lakini tangu Agosti 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikusanywa kupitia LUKU, kwanza Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha Sh1,500 kuanzia mwaka 2023. Yaani nchi ilikwishagundua namna ya kuifikia nyumba mojamoja, mwezi kwa mwezi, bila fomu wala wakala. Kama njia hiyo inaweza kukusanya kodi, wabunge wangeweza kuuliza kwa nini isikusanye pia mchango mdogo wa bima ya majanga, ukasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima na kupelekwa kwenye bima mtawanyo, ili hasara ya mkoa mmoja isibebwe na mkoa huo peke yake.

Hata hapo tembe itabaki nje. Haina mita, haitozwi kodi ya majengo, na hakuna kampuni itakayoiandikia hati. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji, na kwa tembe za Mkalama kazi ya kamati hizo ni ndogo na inawezekana kabla ya mvua za msimu huu: kupita nyumba kwa nyumba, kugonga nguzo, na kujua zipi zimeliwa na mchwa.